Karanga, sukari na barabara: historia ya kashata isiyohitaji tanuru

LULIMBA, Fizi, Kivu ya Kusini. Siku hizi vitafunio visivyookwa vinasifiwa kama jambo jipya la mijini: unachanganya, unakandamiza kwenye sahani, unakata vipande, kazi imekwisha. Kwa akina mama wa Fizi hakuna upya wowote hapo. Karanga zilizokaangwa, zikatwangwa au zikashikanishwa na sukari iliyoyeyuka, hazijawahi kuhitaji tanuru. Zinahitaji mafiga matatu au mbabula yenye makala, sufuria, kinu na mkono uliozoea.

Lakini zinahitaji pia vitu viwili ambavyo sehemu hii haikuvipata kila mwaka: karanga zinazobaki baada ya kutenga mbegu, na barabara inayopitisha sukari. Ndiyo maana historia ya kipande hiki kidogo ni historia ya amani na vita vya Fizi vilevile.

Watanzania na Wakenya wanakiita kashata. Huku Kongo wengine husema nuga, kwa kufuata Kifaransa, na wengine husema tu bonbon ya karanga. Majina ni mengi, kitu ni kimoja.

Wageni wawili kutoka Brazili

Wakaaji wengi huamini kwamba karanga ni zao la mababu tangu mwanzo. Sivyo. Karanga asili yake ni Amerika ya Kusini. Wareno, ambao walifika kwenye mdomo wa mto Kongo mwaka 1483, ndio walioileta Afrika katika karne ya 16, pamoja na mahindi na muhogo. Zao la Kiafrika linalofanana nayo ni njugu mawe, ile ya mviringo na ngumu ambayo nayo huzaa chini ya udongo. Wakulima waliokuwa wanaijua njugu mawe hawakuhitaji kufundishwa sana namna ya kulima karanga. Waliipokea haraka, na ikasambaa kutoka shamba hadi shamba kabla Mzungu yeyote hajaliona Ziwa Tanganyika.

Lugha zimehifadhi kumbukumbu ya safari hiyo. Watu wa Bas-Congo walikuwa na neno nguba, ambalo Lingala inalitumia mpaka leo. Wakongo waliouzwa utumwani walilibeba neno hilo ng’ambo ya bahari, na katika majimbo ya kusini ya Marekani karanga bado huitwa goober. Watu wa pwani ya Afrika Mashariki nao waliiita njugu nyasa, jina linaloelekea Ziwa Nyasa, kana kwamba karanga kwao ilitoka bara. Karne ya 19 ilipofika, wasafiri waliolitembelea soko la Ujiji, ng’ambo ya ziwa, waliikuta karanga kati ya vyakula vilivyokuwa vikiuzwa pale.

Huko Brazili kwenyewe, karanga na muhogo zilikotoka, watu wana kitafunio kinachoitwa paçoca. Jina lake limetoka katika lugha ya Watupi, wenyeji wa nchi ile, na maana yake ni kuponda. Ni karanga zilizokaangwa, unga wa muhogo, sukari na chumvi kidogo, vyote vikatwangwa pamoja katika kinu mpaka vishikane, kisha vikakandamizwa. Hakuna kuoka. Wabrazili hukila hasa katika sherehe za mwezi wa sita.

Mkaaji wa Fizi akionjeshwa paçoca hataona kitu kigeni. Karanga na muhogo hapa huliwa pamoja tangu zamani: anayekwenda shamba hutafuna kipande cha muhogo na karanga za kukaanga, na njaa inasubiri mpaka jioni. Mimea miwili iliyovuka bahari pamoja ilikutana tena kwenye kiganja kimoja, mbali sana na ilikotoka.

Sukari ilikuja na misafara

Sukari ina njia yake. Kabla yake, utamu wa nchi hizi ulikuwa asali ya msituni, ndizi mbivu na muwa wa kutafuna. Muwa ulikuja huku kutoka Asia. Ulivuka Bahari ya Hindi, ukafika pwani ya Waswahili, na katika karne ya 19 bonde la Pangani lilikuwa na mashamba makubwa ya miwa yaliyolimwa na watumwa. Kwenye pwani hiyo kashata ilikaa pamoja na kahawa chungu, ikitengenezwa kwa karanga, ufuta au nazi. India nayo ina ndugu yake, chikki, ya karanga na sukari guru. Watu wa bahari moja walikuwa wanajibu swali moja: utafanyaje kitu kitamu kikae siku nyingi bila kuharibika.

Misafara ya waungwana ilipovuka ziwa na kuelekea Kabambare hadi Kasongo, ilileta Kiswahili, mpunga, miembe, na ililipa kwa damu ya watu wa sehemu hizi. Majeshi ya Wabelgiji yalipoingia Kasongo mwezi wa Aprili 1893, daktari wao Sidney Hinde aliandika baadaye kwamba walikuta humo anasa walizokuwa wamezisahau, na sukari ikiwa mojawapo. Maana yake ni kwamba sukari ilikuwa imekwisha kufika Maniema kabla ya utawala wa Leopold kukaa sawasawa. Ila ilikuwa ya wakubwa. Mwanakijiji aliyebeba mzigo hakuionja.

Wakati wa Wabelgiji, kilimo chenyewe kikawa amri. Kuanzia 1917 sheria ya mazao ya lazima ilimtaka mwanakijiji atoe siku 60 kwa mwaka kwa mazao yaliyochaguliwa na serikali. Mwaka 1942, kwa sababu ya vita vya dunia, siku hizo zikapandishwa hadi 120. Pamba ndiyo inayokumbukwa kwa uchungu zaidi, maana haliwi. Shamba la karanga la mama lilisubiri mpaka siku za serikali ziishe.

Miaka ya 1950 kitu kikabadilika. Huko Kiliba, katika bonde la Ruzizi kaskazini ya mji wa Uvira, kulijengwa kiwanda cha sukari, na mashamba ya miwa yakazunguka. Kwa mara ya kwanza Kivu ya Kusini ilikuwa na sukari yake. Karanga za Fizi na sukari ya Kiliba: vitu vyote viwili vya kashata sasa vilikuwa ndani ya jimbo moja, njia moja kando ya ziwa.

Shamba linapokimbiwa

Utulivu huo haukudumu. Mwaka 1964 uasi wa Wasimba uliwaka mashariki mwa Kongo, na Fizi ikawa ngome yake ya mwisho. Mwaka 1965 Lulimba ilikuwa mstari wa mbele. Jeshi la serikali lilikuwa na kambi hapa, na waasi walikuwa milimani pamoja na Wakuba wa Ernesto Che Guevara, aliyevuka ziwa kutoka Kigoma mwezi wa Aprili na kurudi huko mwezi wa Novemba. Wapiganaji hao waliishi kwa bugali ya muhogo iliyotoka kwa wanakijiji. Muhogo ni zao la vita kwa sababu unakaa chini ya udongo ukisubiri, na hupandwa kwa kijiti ambacho hakiliwi. Ukikimbia miezi sita, ukirudi unaweza kuukuta.

Karanga haina subira hiyo. Ikichelewa kung’olewa, inaota au inaoza. Tena tatizo lake kubwa ni kwamba chakula na mbegu ni kitu kimoja. Hekta moja ya mahindi hutosheka na karibu kilo 20 hadi 25 za mbegu. Hekta moja ya karanga hutaka karibu kilo 80 hadi 100 za karanga zilizomenywa. Familia inayojificha msituni na gunia moja la karanga ina uamuzi mmoja mzito: kuwalisha watoto leo, au kupanda mvua ikinyesha. Mtu yeyote aliyewahi kusikia mtoto akilia kwa njaa usiku anajua gunia hilo linaishia wapi.

Ndiyo sababu baada ya kila vita karanga huchelewa kurudi kwenye soko kuliko muhogo. Na karanga zikichelewa, kashata hutoweka kabisa, kwa kuwa hakuna anayetwanga na sukari kitu ambacho hakitoshi kupandwa.

Mwaka 1996

Mambo matatu yalitokea mwaka 1996, na yote matatu yanagusa habari hii.

La kwanza: vita vya AFDL vilianzia Kivu ya Kusini, na kiwanda cha Kiliba kikasimama. Baada ya hapo sukari iliyoliwa Fizi ilibidi itoke nje ya jimbo. Kiwanda kikubwa cha sukari cha nchi kiko Kwilu-Ngongo, kule Kongo ya Kati, upande wa pili kabisa wa Kongo. Kwa mkaaji wa kando ya Tanganyika, sukari inayokuja kwa mashua kutoka Kigoma iko karibu zaidi.

La pili: maelfu ya watu wa Fizi walivuka ziwa, na mwezi wa Novemba kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa katika mkoa wa Kigoma, Tanzania. Watoto walizaliwa kule, wakasoma kule, na waliporudi miaka ya baadaye walirudi na Kiswahili cha Kitanzania mdomoni. Mkimbizi aliishi kwa posho: unga, maharagwe, mafuta, chumvi. Ukipokea chakula kwa kipimo, kitafunio kitamu hakimo ndani ya kipimo hicho. Anayetaka kumpa mtoto kitu kitamu lazima auze kidogo cha posho yake au alime kibarua.

La tatu lilitokea mbali, Ufaransa. Daktari wa watoto André Briend na Michel Lescanne wa kampuni ya Nutriset walitengeneza uji mzito wa karanga kwa ajili ya watoto wenye utapiamlo mkali. Wakauita Plumpy’Nut. Ndani yake mna karanga zilizosagwa, sukari, maziwa ya unga, mafuta, vitamini na madini. Pakiti moja ina gramu 92 na nguvu ya kalori 500. Kabla yake mtoto aliyedhoofika alilazwa hospitalini wiki nyingi, akinyweshwa maziwa ya dawa yaliyohitaji maji safi, na maziwa hayo yakiachwa muda mfupi yanaharibika. Pakiti mpya haikuhitaji maji, moto wala friji. Mama aliweza kwenda nayo nyumbani.

Ilitumika kwa wingi katika njaa ya Niger mwaka 2005. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Mpango wa Chakula Duniani walikubaliana kwamba watoto wengi wenye utapiamlo mkali wasio na ugonjwa mwingine watibiwe nyumbani kwa chakula cha namna hiyo. Akina mama wa Fizi wanaijua pakiti hiyo bila kusoma maandishi. Walipoionja, wengi waliutambua utamu wake. Ulikuwa wa kinu.

Kwa nini haiozi

Wanasayansi wa Ufaransa na mama mwenye kinu walifika mahali pamoja kwa sababu moja: maji. Vijidudu vinavyoharibu chakula haviwezi kukua pasipo maji. Karanga ikikaangwa vizuri inapoteza unyevu. Sukari inayashika maji machache yaliyobaki. Mafuta ya karanga yanafunika kila chembe. Kwa hiyo kitafunio kinakaa siku nyingi bila friji, katika sehemu ambayo friji ni ya wachache. Kwa mchimba dhahabu anayeshuka shimoni Misisi, kwa mwanafunzi anayetembea saa nzima kwenda shule, kwa abiria wa pikipiki njia ya Baraka, sifa hiyo si ndogo.

Namna za kutengeneza ni mbili. Ya kwanza ni ya kinu. Vikombe vitatu vya karanga vinakaangwa kwa makala machache, polepole, vikikorogwa bila kuacha, mpaka ganda jekundu linatoka lenyewe. Zikipoa zinasuguliwa na kupepetwa katika ungo. Zinatwangwa na kikombe kimoja cha sukari na chumvi kidogo. Mafuta yakianza kutoka na unga ukishikana ndani ya ngumi, basi umefika. Unakandamizwa kwenye sahani kwa chini ya chupa safi na kukatwa. Anayetaka ufike mbali huongeza unga wa muhogo uliokaangwa, kama Wabrazili.

Ya pili ni ya sufuria. Sukari hiyo hiyo inayeyushwa na kijiko cha maji mpaka inakuwa rangi ya asali, karanga nzima zinamiminwa, zinageuzwa haraka, kisha zinatandazwa juu ya sahani iliyopakwa mafuta. Zinakatwa zikiwa bado moto, kwa sababu zikipoa zinakuwa kama jiwe. Watoto wasisogee hapo, maana sukari iliyoyeyuka inaunguza kuliko maji yanayochemka.

Ukungu usioonekana

Historia inalo onyo pia. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza bila sababu kujulikana. Uchunguzi ulielekea kwenye chakula chao, mashudu ya karanga kutoka Brazili yaliyokuwa na ukungu. Hivyo ndivyo sumu inayoitwa aflatoksini ilivyogunduliwa. Sumu hiyo inaharibu ini, na ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka inaleta kansa. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliwagonjesha watu 317 mashariki mwa Kenya, na 125 walikufa.

Moto wa kukaanga hauimalizi. Kinu nacho kinaificha: katika kashata ya karanga nzima mtu anaweza kuiona iliyosinyaa au yenye rangi ya kijani na kuitema, lakini ikishatwangwa imekwenda na zote. Kwa hiyo kuchambua kunafanywa kabla ya kinu, mchana, kwenye mwanga. Iliyooza, iliyosinyaa, yenye ukungu au iliyotobolewa na wadudu inatupwa, wala haipewi kuku. Bibi waliokaa na ungo kivulini wakichagua moja moja walikuwa wanafanya kazi ya maabara.

Mambo mengine mawili yasisahaulike. Karanga nzima na kashata ngumu si za mtoto mdogo, kwa sababu zinaweza kumkaba koo. Na kashata ya nyumbani si dawa ya utapiamlo mkali. Haina maziwa, vitamini na madini yaliyopimwa ndani ya pakiti. Mtoto aliyevimba miguu au aliyekonda sana apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Kinachobaki mikononi

Lakini vituo navyo hutegemea barabara na wafadhili. Madaktari Wasio na Mipaka, ambao kwa miaka waliisaidia hospitali kuu ya Lulimba na huduma nyingine za Fizi, walitangaza mwezi wa Desemba 2020 kwamba wanasimamisha sehemu kubwa ya kazi zao katika eneo hili baada ya wafanyakazi wao kushambuliwa. Mwaka 2025 Marekani, iliyokuwa mnunuzi mkubwa wa pakiti za karanga duniani, ilifunga shirika lake la misaada, USAID. Mwezi wa Februari mwaka huo huo mji wa Bukavu uliingia mikononi mwa M23. Kila jambo kama hilo linaongeza urefu wa njia kati ya pakiti na mtoto.

Pakiti hizo zinaweza kutengenezwa karibu. Kiwanda cha Amwili mjini Lubumbashi kimetengeneza chakula cha namna hiyo ndani ya Kongo, na Malawi pia imefanya hivyo Blantyre. Kinachotakiwa kwanza ni karanga safi, zisizo na ukungu, kwa wingi wa kutosha. Mkulima wa Lulimba anaweza kuzitoa, akipata amani ya misimu miwili mitatu mfululizo, mahali pakavu pa kuhifadhi, na njia ya gari.

Mpaka hapo, kilicho mikononi mwa wakaaji ni ujuzi na gunia la mbegu. Vyama vya wakulima na vikundi vya akina mama vinaweza kuanza na hilo la pili: kila familia itoe vikombe vichache wakati wa mavuno, vikauke vizuri, vihifadhiwe pamoja mahali palipoinuka kutoka chini, na vigawiwe kwa aliyekimbia na kurudi mikono mitupu. Sukari ikikosekana, kuna asali kwa aliyevuka mwaka mmoja wa umri, na ndizi mbivu iliyopondwa na karanga huliwa siku hiyo hiyo na kila mtu anafurahi. Mbegu ya karanga ikiliwa yote, hakuna cha kuweka mahali pake.